Usikojoe Hapa

Walinikuta Ngara, nyuma ya duka la vipuri,
baridi ya Julai, moshi wa mandazi ukitambaa chini.
Vijana watano na kamera moja ya kukodi.
Walinisalimu kwa adabu.
Ni muda mrefu sijasalimiwa na mtu asiyeshika rungu.

Wairegi, mwongozaji, akachuchumaa mbele yangu.
Filamu ni ndogo, akasema, pesa ni za kuchangishana,
inamhusu mwanamume asiye na pa kulala
anayeanza kusahau yeye ni nani.
"Mzee, utaweza kuigiza hivyo?"
Nikamwambia nitajaribu.

Wakanipa jina: Baraka.
Kageni wa mavazi akalipima koti langu kwa macho,
akasikitika: halijachakaa vya kutosha.
Akanivua, akalikunja vizuri kama koti la mtu,
akanivika jingine lililoraruliwa kwa makasi mapya.
Akanipaka masizi shavuni kwa brashi laini.
Na mimi nilikuwa nimenawa. Nilikuwa nimenawa
alfajiri, bomba la kituo cha mafuta, kwa ajili yao.

Nyuma yangu ukuta, na ukutani maandishi mekundu:
USIKOJOE HAPA. FAINI SHILINGI ELFU MBILI.
Mpiga picha akayapenda.
"Hayo niliandika mimi," nikasema.
"Itazameni hiyo K, mguu wake unavyotoka mbele
kama mtu anayeaga."
Kila K ya Ngara mpaka Pangani ilikuwa na mguu huo:
Kinyozi, Kuku, Kufuli, Kanisa.
Majina ya wenye maduka yalipita mkononi mwangu,
nikalipwa, nikanywa, nikalipwa, nikanywa,
hata zikaja mashine zinazotema bango zima
kabla rangi yangu haijakoroganika.

Wairegi akapiga makofi. "Hapo hapo! Irudie, mzee!
Baraka angesema hivyo hasa."
Nikairudia mara sita.
Ile ya nne niliingiwa na shaka:
huenda ni Baraka aliyeyaandika,
na mimi nimelala tu chini ya maneno ya mwenzangu.

Ikafika saa ya kulipana. Malipo ni kwa simu,
simu yataka laini, laini yataka kitambulisho,
na changu kiliteketea Gikomba usiku mmoja
pamoja na godoro na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu.
Kupata kingine, leta chifu anayekujua.
Chifu anayenijua amezikwa Butere.
Kageni akatoa noti kwenye mkoba wake mwenyewe,
akanisogezea daftari nitie sahihi.
Niliandika Baraka.
Kalamu haikusita.

Machi wakaionyesha, ghorofa ya tatu, mjini.
Nilinawa tena. Nikavaa koti langu.
Bawabu akanitazama kuanzia viatu.
"Jina?"
Alikuwa na orodha. Nilijua lipi limo
na lipi ni langu, nikachelewa kuchagua.
Mtu akapita, mlango ukafunguka, nikajiona:
uso mpana kama ukuta wa duka, masizi shavuni,
na watu kimya gizani wakinisikiliza
nikisema, "Hayo niliandika mimi."

Mlango ukajifunga.
"Mzee, jina?"

"Shiundu," nikasema. "Shiundu wa Mukabwa.
Mwandika mabango."
Akapitisha kidole kwenye orodha, polepole, bila dharau,
akarudia kutoka juu.
"Hayupo," akasema, na nadhani alisikitika kweli.

Sikubishana. Ngazi zilikuwa safi, zimepigwa deki,
nikashuka nikishika ukingo.
Nilipofika Ngara mtu alikuwa ameshakojoa,
palepale chini ya K, mguu wake ukichuruzika.
Nikatandika upande wa pili, kwenye FAINI,
ambako palikuwa pakavu.